Ugali Ndani ya Mkoba

Chekeni kwanza mmalize, halafu mnyamaze nisimulie, maana najua habari hii mmeshaisikia, ilitoka Manga ikafika hapa Kebirigo kabla sijavua hata viatu, na kila aliyeisimulia ameongeza chumvi yake, wengine wanasema nilikutwa na kuku mzima, wengine wanasema kuku pamoja na sufuria yake (sufuria ingeingia wapi jamani, mkoba wangu si mnaujua). Aibu niliipata, sikatai. Niliipata mbele ya wakwe na mbele ya mzee wa kanisa na mbele ya mtoto niliyemlea, nikiwa nimelowa kichwa kizima kama mtu aliyebatizwa na kilemba chake. Lakini kama ni kusimuliwa, nitajisimulia mwenyewe, na kwa sauti hii hii mbovu, anayetaka kusikia asogee karibu.

Sauti yangu mnaikumbuka ilivyokuwa. Mimi Kerubo nilikuwa nikifungua belo la mitumba hapa sokoni naita mara moja tu, na wanawake walio kule wanakopimia majani chai wanajua leo kuna sweta. Halafu ikaanza kukwaruza. Nikasema ni vumbi la mitumba, nikanywa tangawizi na asali mpaka nikachukia nyuki, na mwisho wa yote daktari akaniambia ni saratani ya koo. (Na nyinyi mlionong'ona kwamba lazima nilikuwa navuta sigara kwa siri, nawajua mmoja mmoja. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa, moshi niliovuta maishani ni wa kuni.) Nikapelekwa hospitali ya mbali kwa tiba ya mionzi, ile ambayo watu wetu huiita kuchomwa, unalazwa kwenye kitanda chembamba, unavishwa kinyago cha plastiki kinachobana uso wote mpaka kope, kinafungwa kitandani usitikisike, mashine inazunguka, huhisi kitu, unaambiwa mama amka. Siku za kwanza nilijiambia kumbe ni hii tu. Ikaja siku nikameza chai nikahisi nimemeza misumari, na hapo ndipo nikajua kwa nini wanaita kuchomwa.

Saratani iliisha. Hilo nalisema wazi na kwa jeuri, daktari alitazama picha zake akasema koo ni safi, watu wakaja nyumbani na ndizi na kuku, tukaomba, tukaimba (wao waliimba, mimi nilifungua mdomo), na kila mtu akarudi kwake akijua mambo yamekwisha. Kitu ambacho sikuwa nimeambiwa, au niliambiwa nikiwa nawaza safari ya kurudi nyumbani tu, ni kwamba ugonjwa unaweza kuondoka na mate yako. Mate yangu yalikwenda. Wewe ukikaa na mate yako hapo huwezi kujua ni mali kiasi gani. Bila mate mkate ni pamba, sukari ni mchanga, na ugali wa wimbi, ambao nimelelewa nao na meno yangu yameota juu yake, unakaa mdomoni hauendi mbele wala haurudi nyuma. Nikimeza, sikio la upande huu linauma. Ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na ngumu, ndiyo maana mnaniona na kitambaa hata jua likiwaka. Sauti inakatika katikati ya neno. Nikawa mtu wa chupa ya maji, popote niendapo chupa iko, tonge moja na funda moja, tonge moja na funda moja, wenzangu wanamaliza kula na kuosha vyombo mimi bado nabishana na kipande cha kiazi.

Sasa kuna sista mmoja wa kliniki ambaye hunipigia simu mara kwa mara, na kazi yake ni kuuliza tu. Mama, kinywa kinakauka? Mama, chakula kinakwama? Sauti je, na maumivu, na usingizi? Aliwahi kuniambia kwamba mashine zao zinaona uvimbe lakini hazioni mtu anavyokula, hilo ni mgonjwa peke yake anayeweza kulisema. Na mimi, mwanamke wa maneno mengi hivi, nilikuwa namjibu kwa maneno mawili, buya mono, niko sawa sana, tumshukuru Mungu.

Msinitazame hivyo, na nyinyi mngejibu vile vile. Kwetu hali ikiulizwa hujibiwa hivyo. Mtu amevunjika mguu, ukimuuliza ameamkaje atakwambia buya mono, kisha ndiyo akuonyeshe mguu. Shida yangu ni kwamba sikufika kwenye kuonyesha mguu. Nilikuwa naogopa nikilalamika watanirudisha kwenye kile kinyago, na tena niliona ni kukosa adabu mbele ya Mungu, aniachie uhai wote halafu mimi nimsumbue kwa ajili ya mate.

Basi hapo ndipo Moraa alipopata mchumba. Moraa ni binti ya kaka yangu Ondieki, mama yake alifariki mtoto hajajua hata kutembea vizuri, na mimi ndiye niliyembeba, nikamsomesha kwa sweta za mitumba mpaka akawa mwalimu wa chekechea. Kijana ni wa Manga kule juu mlimani, fundi umeme, mpole, sikuwa na neno naye. Lakini kwetu kijana kuwa mpole hakutoshi. Kuna mtu wa kati, esigani, anayetumwa kuchunguza ukoo wa msichana, kama kuna wachawi, kama kuna wezi, kama kuna ugonjwa unaotembea kwenye damu. Huyo esigani alizunguka huku kwetu akinywa chai za watu, akatukuta safi, isipokuwa akamuuliza Ondieki, yule dada yako aliyekonda, anayefunga shingo kila siku, ana nini? Na kaka yangu, mwanamume mzima mwenye mvi, akamwambia ni mafindofindo.

Mafindofindo! Eti mwanamke wa miaka yangu. Lakini uongo ukishaingia nyumbani mnaulisha wote. Siku ya kwenda Manga kuona mji wa kijana ilipokaribia, Ondieki alikuja akakaa kwenye kiti changu akazungusha kofia mkononi, akasema tu, dada, siku hiyo ujaribu kuwa kama zamani. Hakunikataza chupa, nisimsingizie. Ni mimi niliyeamka asubuhi ile ya Jumapili, nikavaa gauni langu la kijani, nikafunga kilemba na kitambaa cha shingoni, nikaitazama ile chupa pale mezani, nikaiacha. Nilijiambia ni mchana mmoja tu, mtu atakufa kwa mchana mmoja? Mambo yote yaliyofuata yalitokana na ile chupa niliyoiacha mezani.

Manga walitupokea vizuri, siwezi kuwasema vibaya. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya, viti vina vitambaa vyeupe, mama wa kijana ananyenyekea mpaka unaona haya, wazee wao upande mmoja, sisi upande mwingine, na esigani katikati na tai yake. Mzee wa kanisa akaomba, akaombea safari, akaombea mvua, akaombea serikali, na mimi wakati huo ulimi wangu umeshashikana na kaakaa. Halafu chakula kikaja. Ugali wa wimbi mgumu, ule wa heshima, uliosongwa na mikono inayojua, chinsaga, ile mboga chungu ya mgagani, iliyopikwa mpaka uchungu wake ukaisha, na kuku wa kienyeji aliyekaangwa akakauka vizuri kwa watu wenye mate. Soda zilipangwa kwenye kreti pale ukutani zikisubiri chakula kiishe. Maji ya kunywa yalikuwa jikoni.

Najua mnataka kuuliza kwa nini sikuomba maji. Nilifikiri nikiomba mara ya kwanza nitaomba kila tonge, na mtu ataanza kunitazama shingo. Na kuacha chakula haikuwezekana, mnajua mila yetu, watu wa msichana wakienda kuona mji, kula ndiko kusema ndiyo. Ukisukuma sahani umesema nyumba hii hainifai, na mtoto anarudi nyumbani na sahani yako.

Aliyekuwa akigawa chakula ni dada wa baba wa kijana, Bosibori, mwanamke mrefu mwenye macho yanayohesabu, shangazi kwa shangazi tulikuwa tumepangiwa kuchunguzana. Yeye hakukaa kula kabisa, alizunguka tu na sinia, na katikati ya mizunguko alikuwa akinywa uji mwepesi kwenye kikombe, akisema mgawaji hali mpaka wageni washibe. Nilikitamani kile kikombe mpaka nikaona aibu. Akasimama mbele yangu akasema, "Mama, mbona unatazama chakula? Hapa kwetu hatuwekangi kitu ndani."

Alisema kwa utani na watu wakacheka, kwa sababu kila mtu kwetu anajua kitu gani huwekwa ndani ya chakula na watu wa aina gani. Nikacheka mimi pia. Nikakata tonge kubwa kuliko yote, ili aone, nikalichovya kwenye chinsaga, nikalitia mdomoni.

Likakaa. Nikatafuna, likawa unga. Nikatafuna tena, ukawa unga zaidi, umeenea kwenye ufizi, kwenye mashavu, chini ya ulimi, nikahisi nimefungwa mdomo kwa simenti. Bosibori akaondoka. Nikatoa kitambaa changu cha mkononi kana kwamba nafuta jasho, nikatema, nikakunja, na mkono wangu wenyewe (mimi sikuutuma) ukakitia ndani ya mkoba.

Mkishaiba mara moja mnajua ilivyo rahisi mara ya pili, nasema tu, sijui nani kati yenu ameiba. Niligundua mtindo. Tonge linaingia mdomoni watu wakitazama, linatoka watu wakitazama kwingine. Baada ya muda sikujisumbua hata kulipitisha mdomoni, lilitoka sahani likaenda mkobani moja kwa moja. Paja la kuku likaenda. Mkoba wenyewe ulikuwa na Biblia na kitabu cha nyimbo, Mungu anisamehe, hadi leo kurasa za Zaburi zinanuka wimbi. Na sahani ikawa safi, nikaketi wima kama bibi harusi, nikijisifu moyoni kwamba mjanja nimewashinda wote.

Halafu mama wa kijana akaiona sahani yangu. Akafurahi, masikini, akapiga makofi kidogo. Akasema huyu mama anakula kama mtu wa nyumbani, mwongezeeni. Wakaniongezea. Nusu nzima ya ugali, mgongo wa kuku, chinsaga juu. Nikamtazama Moraa upande wa pili, mtoto amenyanyua nyusi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akinipondea ndizi nyumbani na alijua vizuri mimi si mtu wa sahani mbili. Nikamkonyeza. Nikaanza kazi upya, na mkoba sasa ukawa unavuta bega.

Ningetoka salama kama si heshima. Mzee mmoja wao aligonga meza akasema kabla ya maongezi, wangependa shangazi wa msichana, ambaye wamesikia amemlea, atoe neno la shukrani. Na mimi wakati huo nina tonge mdomoni. Bosibori ameketi kando yangu kupumzika, macho yote ya Manga yako usoni kwangu, kitambaa kimeshajaa. Nikafanya kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu mashine. Nikameza kavu.

Lilishuka mpaka hapa kooni, palipochomwa, likasimama. Hewa inapita kidogo, tonge halipiti. Machozi yakatoka, nikakohoa bila sauti, nikasimama nikaangusha kiti, nikatoka mbio. Nje kulikuwa na tangi la maji ya mvua lenye mfereji chini, nikapiga magoti kwenye tope na gauni langu la kijani, nikaweka mdomo, nikafungua. Mfereji ule haukujua kufunguka polepole. Maji yalinipiga uso, yakaingia puani, kilemba kikaondoka, kitambaa cha shingoni kikafuata, na katikati ya ile vita tonge likashuka. Nikakaa chini pale pale nikipumua. Niliona ndizi zao zilivyo nzuri. Nilikuwa hai na nilifurahi kama mjinga, sijui kwamba ndani ya nyumba mambo ndiyo yanaanza.

Bosibori, na hapa nampa haki yake, hakuwa na nia mbaya. Alifikiri nina pumu. Alifungua mkoba wangu atafute dawa ya kuvuta aniletee mbio. Akakuta ugali. Akakuta matonge yaliyotafunwa na matonge mazima, na paja la kuku juu ya Biblia. Hakupiga kelele. Aliuchukua mkoba akauweka juu ya meza ya wazee, wazi, akarudi nyuma.

Nyinyi mnacheka, lakini pale hakuna aliyecheka. Chakula cha sufuria yao, kilichoshikwa na mikono yao, kinafichwa na mgeni kiende wapi? Kifanyiwe nini? Huku kwetu kuna akina mama waliochomewa nyumba wakiitwa wachawi kwa kidogo kuliko hicho, na mnajua. Nilifika mlangoni nikitiririka maji nikakuta mzee wa kanisa ameshika kitabu chake kifuani, esigani anatazama viatu vyake, Moraa analia bila kujifunika uso. Na kaka yangu Ondieki amesimama, anasema kwa sauti ya chini ya mtu anayeuza kitu kibovu, "Wazee wangu, mtusamehe. Huyu dada yangu tangu bwana yake aage, kichwa yake haikai sawa."

Nilisimama pale mlangoni. Mpaka hapo nilikuwa na aibu, mtu wa kawaida anayetaka ardhi ipasuke. Lakini niliposikia neno hilo, aibu ilinitoka mara moja, ikaingia hasira, na hasira niliijua vizuri, ilikuwa rafiki yangu wa zamani tangu hospitali. Nikaona nimepewa nichague, niwe mchawi, niwe mwizi au niwe mwendawazimu, vyote hivyo viko tayari mezani, na kitu kimoja tu ambacho ni kweli ndicho kimefichwa kama uchafu. Nikaingia. Sikufunika shingo.

"Ondieki, kaa chini," nikamwambia, na akakaa. "Mimi akili yangu iko. Si mchawi, na kuku yenu sikuiba. Nilikuwa na kansa ya koo. Si mafindofindo, ni kansa. Nikachomwa na mashine, kansa ikaisha, lakini mate nayo ikaisha. Hii mdomo yangu ni kavu kama hii meza. Ugali haishuki bila maji, na mimi niliacha maji nyumbani nikiogopa nyinyi."

Nikawaambia yote, kwa ile sauti inayokatika, na ilipokatika nilisubiri ikarudi nikaendelea. Niliwaambia ladha ilivyopotea na sikio linavyouma, na kwamba naweza kukaa na kiazi kimoja mpaka chai ya pili ipikwe. Nikawaambia hii ngozi nyeusi mnayoiangalia ni ya mionzi, haiambukizi, gusa ukitaka. Sista wa kliniki alikuwa ameniuliza mambo hayo mara nyingi kwa upole wote, nikamnyima, na sasa nawapa wakwe bure wakiwa hawajauliza.

Halafu nikaomba maji, na mama wa kijana akaleta bilauri. Nikaingiza mkono ndani ya mkoba wangu. Nikatoa tonge, lile lile walilokuwa wanaliogopa, moja zima, nikalionyesha kwa wazee, nikaliweka mdomoni. Nikatafuna. Nikanywa funda. Nikainamisha kidevu, maana nimegundua kikielekea kifuani linapita afadhali, nikameza, halikwenda, nikanywa tena, nikameza tena. Watu wazima wamejaa sebule nzima wanatazama koo la mwanamke mmoja. Saa ya ukutani ilikuwa ikisikika. Sijawahi kula kwa aibu namna ile wala kwa kiburi namna ile. Lilipopita nilifungua mdomo wazi waone hakuna kitu, kama mtoto aliyemeza dawa.

"Mchawi hali dawa yake," nikasema. "Sasa mmeona."

Wa kwanza kusema alikuwa Bosibori. Aliniuliza, macho yake hayako usoni bali hapa kooni, kama hiyo kansa itamfuata Moraa. Nikamwambia hakuna daktari aliyeniambia inafuata damu ya ukoo wangu, na kwamba kama nyumba hii inataka mtoto kutoka ukoo ambao haujawahi kuugua, basi waseme sasa hivi, tumchukue mtoto wetu twende, chakula tumeshashukuru. Nilisema hivyo nikijua Moraa anampenda yule kijana, na mimi nilikuwa naitupa ndoa yake mezani kama ganda la ndizi. Mtoto akasimama. Alipita mbele ya wazee wote, akatoka nje, akarudi na kilemba changu kimejaa tope, akasimama kando yangu akakishika tu. Hakunifunika. Kijana naye akainuka akaja akasimama upande wa pili, fundi umeme wa watu.

Mama wa kijana alikwenda jikoni akarudi na jagi zima, akaliweka mbele ya kiti changu, akafuta maji yaliyomwagika kwa kanga yake. Akasema, "Kama mtu anameza na maji, si apewe maji." Basi mzee akakohoa, akasema tuendelee na mambo yaliyotuleta, na tukaendelea, mimi nimekaa na nywele zilizolowa na shingo nje, nikinywa kila nilipotaka. Ondieki njia yote ya kurudi hakuniongelesha, lakini mimi nilimwongelesha, na nilimwongelesha vya kutosha.

Sista alipopiga simu tena nilikuwa hapa hapa, nimesimama juu ya belo. Akaniuliza mama unaendeleaje. Nikamwambia sista, keti. Nikamwaga yote, mate, sikio, shingo, tonge, tangi, mpaka wateja wakaacha kuchagua sweta wakasikiliza. Akasema kwa huzuni, mama, kwa nini hukuniambia. Kumbe kuna mtu kule anayefundisha watu kumeza upya, kuna mazoezi ya shingo na ya taya, kuna maji ya kusukutua, na hata meno yalitakiwa kutazamwa mapema kwa sababu bila mate yanaoza. Hakuna kinyago. Hakuna aliyewahi kufikiria kunirudisha kwenye kinyago. Nilikuwa nimejinyima kwa mdomo wangu mwenyewe, na hilo, kuliko mkoba, ndilo linaloniuma hadi leo.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa habari. Lakini siku moja ya soko nikamwona mwanamke mrefu anageuza geuza sweta ambazo hazimtoshi. Bosibori. Ametoka Manga mpaka Kebirigo kununua sweta ya mtoto, yeye asiye na mtoto mdogo. Sikumkaribisha kwa wema, niseme ukweli, nilimwambia bei ya juu. Akaacha wateja waondoke. Akauliza, akiangalia sweta, "Hiyo kitu ya chakula kukwama... kwako ilianzanga aje?"

Nikakumbuka kile kikombe cha uji. Mgawaji hali mpaka wageni washibe. Nikamtazama mikono, bangili zimelegea. Nikamuuliza ni tangu lini, akasema ni kitu kidogo tu, tangu wakati wa kuvuna mahindi, na kwamba nyumbani hajamwambia mtu kwa sababu ndoa iko njiani na baada ya yale maneno aliyoniuliza mbele ya watu angeanzia wapi. Alisema hivyo akakunja ile sweta vizuri sana akairudisha.

Ningeweza kumlipiza pale pale. Maneno nilikuwa nayo, mnanijua. Badala yake nilimkalisha juu ya belo, nikampigia sista, nikamwambia kuna mtu hapa, muulize yale maswali yako yote, nikambandika simu sikioni. Nikamsikia sista kwa mbali akiuliza mama hujambo, unaendeleaje. Na Bosibori akanyoosha mgongo, akasafisha koo, akajibu kwa heshima zote, "Buya mono."

Nilimfinya. Nilimfinya paja kwa nguvu ya mtu aliyepiga magoti topeni mbele ya wakwe, na nikaendelea kumfinya mpaka akasema ukweli.

Bado hatujapatana kabisa, mimi na yeye, na majibu ya kipimo chake hayajarudi. Harusi iko pale pale. Mimi nitakuwa meza ya mbele na jerikeni ya njano ya lita tano, si chupa, na shingo wazi, anayetaka kutazama atazame. Na kuanzia sasa ukiniuliza nimeamkaje, uwe na muda, kwa sababu nitakwambia.